Manowari Zilizokuja kwa Treni



Jumapili moja tulikutana hapa Kamwokya, katika chumba cha tawi letu nyuma ya soko, kuzungumza habari za kadi za uanachama. Mvua ikanyesha kwa nguvu, bati likapiga kelele, mkutano ukasimama. Na kama ilivyo kwetu, mkutano ukisimama maneno huanza. Kijana mmoja wa mashamba ya chai, aliyekuwa amekuja mjini kumwona dada yake, akasema amesikia redioni kwamba majirani zetu wa Kenya wana karakana ya meli huko Kisumu, nayo iko chini ya jeshi. Akacheka. "Wanamaji bila bahari? Hizo manowari zitapita wapi? Zitapanda mlima?"

Mzee mmoja mwenzetu, aliyekuwa kibarua wa gudi la Kisumu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, alikuwa amesinzia pembeni. Akafumbua macho, akasema, "Mwanangu, zilikuja kwa treni. Ndani ya masanduku, kama sabuni."

Tulicheka sote, lakini mzee alisema kweli tupu. Tena ni kweli inayotuhusu sisi kuliko wanavyodhani wengi. Watu husikia habari za kituo cha wanamaji, fikira zao zikaenda moja kwa moja kwa mizinga na maofisa waliovaa nguo nyeupe. Sisi tumeshinda katika viwanda, kwa hiyo swali letu ni jingine: nani alishika nyundo?

Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto ambao meli ya bahari yaweza kuupanda hadi hapa. Nile ina maporomoko tele. Basi Waingereza walipotaka meli za chuma katika ziwa hili, ilibidi ziundwe kwao Scotland, kila bamba na kila mbavu ipigwe namba, halafu meli yote ifunguliwe tena, ifungwe katika masanduku, isafirishwe mpaka Mombasa, na kutoka hapo iletwe bara kuungwa upya. Namba zile zilikuwa na maana kubwa. Bamba likipotea, au likiwekwa mahali pa lingine, kazi yote husimama mpaka lipatikane.

Meli ya kwanza ya namna hiyo iliitwa William Mackinnon. Vipande vyake vilifika kabla ya reli kufika ziwani, kwa hiyo kutoka pale reli ilipokomea vilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, kupita nyika na milima. Ilishushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kukata karibu kilomita 940 kutoka Mombasa. Walioijenga ni pamoja na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba, na hesabu ya serikali yenyewe inasema 2,493 kati yao walikufa. Waafrika waliokata miti, waliobeba maji na kuvunja mawe hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Baada ya reli kufika, meli zikaja kwa kufuatana: Winifred mwaka 1902, kisha Sybil, Clement Hill na Nyanza, zote kutoka kiwanda kimoja cha Paisley karibu na Glasgow. Ukingoni mwa ghuba pale Kisumu ikaota karakana. Kulikuwa na chelezo cha kushushia meli, gudi la kuzikausha chini, tanuri za wahunzi, duka la seremala, ghala za mafuta na kamba. Wenzetu wa viwanda vya chuma wataelewa kazi ya ribiti ilivyokuwa. Mmoja anaipasha ribiti moto kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, mwingine anaidaka kwa ndoo na kuitia tunduni, wa tatu anaishikilia kwa ndani, wawili wanaipiga nyundo kwa zamu kutoka nje kabla haijapoa. Aliyekaa ndani ya tumbo la meli alitoka jioni masikio yakivuma. Meli moja ilihitaji ribiti maelfu kwa maelfu.

Upande wetu wa Uganda bandari ilikuwa Port Bell, pale Luzira, chini kidogo ya Kampala. Jina hilo ni la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia mwaka 1906. Ndiye aliyeamuru watu wahamishwe kutoka ukingo wa ziwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ambao katika miaka ile uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani. Kwa hiyo meli zilipopiga honi zikiingia, zilipita mbele ya vijiji vilivyoachwa mahame.

Hadi hapo zilikuwa meli za abiria, pamba, ngozi na kahawa. Agosti 1914 vita ya Wazungu ikaanza, na ziwa likagawanyika: Waingereza wakashika Kisumu, Entebbe na Port Bell, Wajerumani wakashika Mwanza na Bukoba. Karakana ya Kisumu ikageuka kituo cha manowari. Meli zile zile zilizobeba pamba zikawekewa mizinga na mifuko ya mchanga. Wajerumani nao walikuwa na tagi yao, Muansa, iliyofungwa mzinga.

Mambo hayakwenda kama Waingereza walivyotarajia. Septemba 1914 Winifred ilikwenda Karungu, ikakuta Wajerumani wameshafika, na mzinga wa Muansa ukaifanya igeuze njia. Novemba mwaka huo huo Sybil ikapanda mwamba karibu na Majita, upande wa adui, ikaachwa pale. Mwaka 1915 ikanasuliwa, ikavutwa mpaka Kisumu, ikatengenezwa na kurudi kazini. Vitabu vya vita huyapa mambo haya mstari mmoja tu. Lakini meli iliyokaa miezi juu ya mwamba haitengenezwi kwa mstari mmoja! Kuna mabamba ya kung'oa, mapya ya kupinda kwa moto, boila ya kufungua na kusafisha, mtu kuingia ndani yake na kugonga kutu kwa patasi. Manowari yaweza kupigana kwa saa mbili ikarudi kuketi gudini kwa wiki nyingi. Hiyo ndiyo maana ya kituo, na mbali na bahari maana hiyo huzidi, kwa sababu meli ikiharibika huna bandari nyingine ya kuikimbilia, na huwezi kuagiza nyingine ikaja mwezi ujao.

Halafu kuna moto. Meli za ziwa wakati ule zilichoma kuni, wala si kidogo. Kila kituo ziwani palikuwa na marundo ya kuni yamepangwa kama nyumba, na kila rundo lilikatwa, likabebwa na kupangwa na watu wa pale. Ndani ya meli walikuwapo wachochea moto, wamevua mashati, wakilisha tanuri usiku na mchana. (Siku hizi waajiri hutuita sisi wa chama wachochezi. Hatuna neno. Tumerithi jina kwa watu waliofanya kazi.) Kuni zikikosekana siku moja, manowari yenye mzinga mkubwa kuliko yote ni kisiwa cha chuma.

Juni 1915 kituo cha Kisumu kilifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Askari wapatao 1,500 na zaidi, Waingereza, Wahindi na Waafrika wa King's African Rifles, walipakiwa katika meli pamoja na mizinga, nyumbu, risasi na chakula, wakavuka ziwa kwenda Bukoba. Walipigana kuanzia tarehe 21 mpaka 23. Shabaha ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, mnara mrefu wa mita 60 hivi. Wakauangusha, wakaipora nyumba baada ya nyumba katika mji, kisha wakapanda meli wakarudi Kisumu. Wananchi wa Bukoba waliobaki na milango iliyovunjwa hawakuwa wameomba mnara wala vita. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi kwa nguvu zaidi. Ukerewe ikachukuliwa Juni 1916, na Mwanza ikaanguka Julai. Toka hapo ziwa lote likawa lao, na karakana ikarudia kazi ya meli za mizigo.

Tukimaliza hapo mtu aweza kudhani mambo haya yalikuwa ya Kisumu peke yake. Sivyo. Wakati huo huo, ziwa jirani la Tanganyika lilikuwa na vituo vyake viwili vya manowari, vyote vimejengwa kwa mabega ya watu. Upande wa Wajerumani, reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo wakaileta meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ikaungwa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Upande wa pili, Waingereza walileta mashua mbili za mizinga, Mimi na Toutou, kutoka London kwa bahari hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, halafu kwa kukokotwa na mitambo ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, katika barabara iliyofyekwa na madaraja yaliyojengwa na maelfu ya Wakongo. Zikateremka ziwani karibu na Kalemie Desemba 1915. Siku ya pili ya Krismasi zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Kijana wetu wa chai, tuliposimulia habari hiyo, aliacha kucheka. "Kumbe zilipanda mlima kweli," akasema.

Wajerumani walipoona Kigoma inakwenda, Julai 1916 wakaizamisha Götzen wenyewe, lakini mafundi wake walikuwa wamekwisha kuipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na kutu. Ikainuliwa mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina linalojulikana na kila mtu wa Kigoma. Mafundi Wajerumani walioiunga walikuwa watatu, na majina yao yameandikwa. Mmoja ni Anton Rüter. Waafrika waliofanya kazi nao, walioinua yale masanduku 5,000, majina yao hayajulikani.

Ndugu, sasa tunarudi kwenye lile tulilosema mlikumbuke.

Vita ile ya Afrika Mashariki ilikula wapagazi kuliko ilivyokula askari. Kila kilichotoka kituoni au stesheni, kisanduku cha risasi, gunia la unga, mzinga uliofunguliwa, kilimalizia safari juu ya kichwa cha mtu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yake kutokana na Carrier Corps, jeshi hilo la wabebaji. Upande wa Waingereza peke yake inakisiwa wapagazi karibu 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka. Uganda nayo ilitoa maelfu ya wapagazi wake. Walioandikishwa walikuwa na haki ya mshahara, mdogo sana lakini mshahara. Na wengi walipokufa, mshahara wao ulibaki katika vitabu vya serikali, kwa sababu jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, au mtu alikuwa na namba tu. Mkubwa wao, Oscar Watkins, aliona ubaya huo na akajaribu kutengeneza orodha. Baada ya vita, watu wa serikali ya Kenya waliomba fedha hizo zisizochukuliwa zitumike kwa faida ya Waafrika, wakaomba tena na tena kwa miaka mingi. London ikakataa. Fedha ya maiti ikarudi kwa tajiri, kwa sababu hakukuwa na orodha ya kumpinga.

Hapo mzee wetu wa gudi akafungua mfuko wa shati. Akatoa kibati cha shaba, cha mviringo, kimechakaa pembeni, kina tundu la kupitishia uzi na namba iliyogongwa. Akatuambia ndicho alichokuwa akikabidhi asubuhi langoni na kukichukua jioni. Alianza mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 18, akikwangua kutu na kupaka rangi chini ya matumbo ya meli. Wakati ule meli kubwa za reli, Umoja na Uhuru, zilikuwa zikibeba mabehewa mazima kuvuka ziwa kati ya Kisumu, Port Bell, Jinja, Mwanza na Musoma, na Victoria ilikuwa ikibeba abiria. Karakana ilihudumia nchi zote tatu. "Hatukujua nani Mkenya nani Mganda," alisema. "Tulijua nani ana mikono myepesi."

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Umoja na Victoria zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na gudi la Kisumu, kwa kuwa gudi haliwezi kung'oa nanga, likabaki Kenya pia. Uganda ikabaki na ufuo na gati, hata iliponunua meli zake za mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama, na Port Bell ikapoa kwa muda mrefu. Makuli wa Luzira wanajua siku ngapi walikaa wakitazama maji.

Kuhusu watu, Mei 1984 nchi tatu zilitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, na kila nchi ikachukua jukumu la kulipa mafao ya raia zake waliokuwa watumishi. Kwa wengine fedha zilikuja, kwa wengine zilichukua miaka mingi ya kesi na barua, na wapo waliokufa wakingoja. Mzee wetu alikwenda katika ofisi moja, hatuitaji, akiwa na kibati chake. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Jina lako halimo." Mzee akaonyesha namba. Karani akasema namba ni za vibarua, na vibarua hawakuwa watumishi. Akaambiwa alete barua ya ajira. Miaka mitano gudini, kila siku langoni, na kumbe kwa karatasi alikuwa kibarua wa siku moja aliyerudiwa mara elfu na zaidi! Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai mnaoajiriwa kwa msimu, mnaifahamu hesabu hii bila kufundishwa.

Tumesema kwamba kila bamba la meli lilipigwa namba ili lisipotee. Mzee naye alipigwa namba. Bamba likafika mahali pake.

Sasa kule Kisumu kazi imeamka tena. Uhuru, iliyokuwa imekaa bure kwa miaka, ilitengenezwa kwa usimamizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya ikarudi kubeba mizigo, pamoja na mafuta yanayoshushwa Port Bell. Mwaka 2020 serikali ya Kenya iliunda kampuni ya karakana za meli chini ya Wizara ya Ulinzi, na Kisumu imeundwa meli mpya, Uhuru ya pili, kwa ramani na vifaa vya kampuni ya Damen ya Uholanzi. Masanduku yamepanda tena kutoka Mombasa! Sisi hatuna kinyongo na jambo hilo. Karakana ni kazi, na kijana anayejifunza kuunganisha bamba kwa umeme ana ujuzi utakaomlisha popote. Tunauliza tu yale ambayo chama hupaswa kuuliza: chini ya jeshi, mfanyakazi wa karakana akidai barua yake ya ajira anaidai kwa nani? Anayelipwa kwa siku anaandikwa wapi? Tumewaandikia wenzetu wa chama huko Kisumu maswali hayo mawili, na tutawachapishia majibu wakituletea.

Siku ile mvua ilipokatika tulirudi kwenye kadi. Lakini kabla ya kufunga mkutano, kijana wa chai alimwomba mzee amtajie wale aliofanya nao kazi gudini. Tulikuwa na daftari jipya la kurasa 96, lililonunuliwa kwa ajili ya michango. Mzee akataja, kijana akaandika: jina la mtu, la baba yake, kijiji, kazi, mwaka wa kuanza, na namba kama inakumbukwa. Giza lilipoingia walikuwa wamefika majina kumi na saba. Mmoja yuko Jinja, wawili Busia. Wengine wamekufa, lakini wana watoto.

Aliyefanya kazi katika gati, meli au gudi lolote la ziwa hili, au mwenye baba aliyefanya, na aje na kibati, picha, stakabadhi, hata kumbukumbu tupu. Daftari liko hapa Kamwokya, chumba cha tawi, kila Jumapili baada ya saa nane mchana. Ambaye hajui kuandika asione haya. Kijana wa chai amehamia kwa dada yake, naye ana mwandiko mzuri.